Amplifaya ya kurushia redio uliyojenga mwenyewe inatoa wati kidogo? Anzia hapa

Kila baada ya wiki mbili tatu simu yangu inaita na swali ni lile lile, limebadilishwa nguo tu. "Shikamoo fundi. Nimejenga amplifaya ya transista mbili za IRF510, mchoro unasema wati 40, mimi napata 12. Niongeze nini?" Mwingine ameshaongeza kabla ya kupiga: kaunganisha betri ya pili, kapata wati za kutisha kwa dakika moja, sasa ana moshi na transista mbili zilizopasuka tumbo. Naandika haya ili mtu akinipigia tena nimwambie asome kwanza, halafu tuongee.

Ninachozungumzia ni amplifaya ndogo ya redio ya ridhaa kwa bendi za HF, yaani mawimbi mafupi: transista mbili za mosifeti zinazofanya kazi kwa kupokezana, umeme wa volti 13.8, na redio ya wati 5 mbele yake. Amplifaya za valvu siziingizi humu. Zile zina volti za kuua, na kosa la kwanza ndilo la mwisho.

Jambo moja uliweke kichwani kabla hujashika bisibisi: wati hazitoki kwenye transista. Zinatoka kwenye betri, zinapita kwenye transfoma, na joto linakula chenji. Wanaoanza wengi wanakimbilia kubadilisha transista, wakati tatizo liko nusu mita kabla yake au sentimita tano baada yake.

KABLA YA KUANZA

Leseni kwanza. Bila leseni ya TCRA na alama yako ya wito inayoanza na 5H, usirushe hata wati moja. Ukiwa nayo, soma kiwango cha juu cha wati ulichopewa, ndicho kikomo chako hata kama amplifaya inaweza zaidi.

Vifaa vya mezani ni hivi:

- Multimita mbili. Moja inatosha, lakini utachoka kuhamisha waya.
- Mzigo bandia wa omu 50, unaokaa mahali pa antena unapopima. Chukua rezista 20 za kiloomu 1, kila moja wati 2, uziunganishe sambamba. Zikikamilika zinakupa omu 50 na zinabeba wati 40 kwa muda mfupi. Zisiwe zile za waya uliozungushwa, kwa sababu kwenye masafa ya redio zinageuka koili.
- Diodi mbili za 1N4148 na kapasita moja ya nanofaradi 10 ya volti 200 au zaidi.
- Mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi nyuma badala ya kupita.
- Pasi ya kulehemu yenye nguvu, angalau wati 60. Kale kadogo ka simu hakatayeyusha risasi kwenye bamba la shaba.
- Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 au 4, fyuzi ya ampia 7, na kishikio cha fyuzi ambacho hakijaota kutu.
- Grisi ya joto, vipande vya maika na vibushi vya plastiki vya skrubu.
- Daftari. Sitanii.

Hapa Tanga sehemu kubwa ya vitu hivi utavikuta kwa mafundi redio wa Ngamiani, au ndani ya kompyuta mbovu. Kipoza joto cha kompyuta ya mezani pamoja na feni yake ni mali, usikitupe. Transista na feraiti (viini vya transfoma) mara nyingi itabidi uagize kutoka Kariakoo kwa basi.

HATUA YA 1: Pima ulicho nacho kweli

Usiamini mita ya SWR ya bei chee inaposema wati 12. Nimeona mbili zikipishana kwa theluthi kwenye amplifaya ileile. Tengeneza kipimo chako mwenyewe: unganisha diodi mbili mfululizo kutoka ncha ya moto ya mzigo bandia, mwisho wake weka ile kapasita ya nanofaradi 10 kwenda chini, kisha pima volti za DC juu ya kapasita.

Rusha. Chukua namba uliyosoma, ongeza 1.2 kwa ajili ya diodi, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 100. Mfano: mita imesoma 58. Ukiongeza inakuwa 59.2, mraba wake ni karibu 3,505, kwa hiyo una wati 35.

Kwa nini diodi mbili? Kwa sababu 1N4148 moja inavumilia volti 100 kinyumenyume, na kwenye wati 35 inapata zaidi ya hizo. Ikifa inakufa kimya, halafu unabaki unatafuta tatizo lililoko kwenye kipimo chenyewe.

Hesabu hadi kumi, acha kurusha, pumzisha. Andika namba. Kuanzia hapa badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, pima tena, andika. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na wati zikapanda, hujui kipi kimesaidia. Zikishuka, ndiyo hujui kabisa.

HATUA YA 2: Fuata volti hadi mwisho wa njia

Hapa ndipo wati nyingi zinapoibiwa, na hatua hii nataka uifanye taratibu.

Wati za amplifaya zinakwenda kwa mraba wa volti. Ukishusha volti kutoka 13.8 hadi 12, umeshusha kwa asilimia 13 tu, lakini wati zimeshuka kwa robo. Iliyokuwa ikupe 35 inakupa kama 27. Na mtu anayetumia betri ya gari bila chaja yuko hapo hapo kwenye 12, halafu analaumu transista.

Transista hizi zina miguu mitatu: geti, dreni na sosi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye sosi, pale pale kwenye mguu, na ncha nyekundu kwenye ncha ya katikati ya transfoma ya kutokea. Soma volti kabla ya kurusha. Sasa rusha kwa nguvu yote, kwa kubonyeza funguo ya Morse au kupiga mluzi mrefu kwenye maikrofoni, usome tena. Namba ya pili ndiyo volti yako. Ile iliyoandikwa kwenye pawa saplai ni ahadi tu.

Mwaka jana amplifaya yangu mwenyewe ilianza kupungua. Ninakaa Sahare, upepo wa bahari unaingia chumbani mchana kutwa, na kila kitu cha shaba kinaota ukoga wa kijani. Kwenye pawa saplai nilikuwa na 13.8 safi. Kwenye transfoma, nikirusha, 11.6. Volti mbili na ushee zinalala njiani! Nikahamisha ncha ya mita hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kwenye kibanio, kwenye swichi. Kishikio cha fyuzi peke yake kilikuwa kinakula volti nzima. Nilipokivuta, springi yake ilikuwa ya kijani kama jani la mpera, na plastiki imeanza kulainika kwa joto. Vibanio vya betri vilikula iliyobaki. Nilibadilisha kishikio, nikatupa vibanio nikafunga vituo vya skrubu, nikaweka waya wa milimita 4. Volti zikafika 13.5 nikirusha, na wati zikapanda kutoka 25 hadi 33. Sikugusa transista hata moja.

Waya mwembamba nao una yake. Waya wa milimita za mraba 0.75, ule wa taa ya mezani, ukiwa na mita mbili kwenda na mbili kurudi unakula karibu nusu volti kwenye ampia 4 na nusu. Fupisha, au nenepesha, au vyote.

Usisahau kapasita za pale pale kwenye ncha ya katikati: moja kubwa ya maikrofaradi 470 hadi 1000, na ndogo ya nanofaradi 100 pembeni yake. Ile kubwa ikiwa mbali na transfoma haisaidii sana sauti yako inapopanda ghafla.

HATUA YA 3: Hakikisha transista ni zenyewe

Watu wa kwetu wanasema Tanga ni "waja leo waondoka leo". IRF510 za bei ya kutupa nilizonunua mara ya kwanza zilikuwa hivyo hivyo. Zilikuja leo, zikaondoka leo.

Ya bandia mara nyingi ni transista nyingine iliyofutwa namba ikaandikwa upya. Kama multimita yako inapima kapasita, gusisha dreni na sosi pamoja, kisha pima kati yake na geti. IRF510 halisi inasoma pikofaradi mia chache. Ikisoma elfu moja au zaidi, ndani kuna kitu kingine, na kitu hicho kwenye bendi za juu, mita 15 na mita 10, kitakunyima wati zote.

Ukitaka kubadilisha kwa makusudi, IRF520 inafanya vizuri kwenye bendi za chini, mita 80 na mita 40. Njia yake ya ndani ina omu 0.27 badala ya 0.54 za IRF510, lakini kapasita ya geti ni maradufu, pikofaradi 360 badala ya 180. IRF530 iko mbali zaidi kwa upande huo, na mimi siiweki.

Onyo kwa wanaopata RD16HHF1 ya Mitsubishi: ni transista nzuri, imetengenezwa kwa ajili ya redio, lakini miguu yake haifuati mpangilio wa IRF510. IRF510 ni geti, dreni, sosi. RD16HHF1 ni geti, sosi, dreni. Ukiichomeka kwenye tundu zilezile umeipoteza kabla hujawasha.

HATUA YA 4: Panga baiasi

Baiasi ni volti ndogo unayoipa geti ili transista ifunguke kidogo kabla sauti haijaingia. Toa waya wa kuingilia kutoka kwenye redio. Weka mzigo bandia. Zungusha rezista zote mbili za kurekebisha hadi geti zisome volti sifuri. Weka mita ya ampia kwenye njia ya chanya, washa amplifaya ikiwa kwenye hali ya kurusha.

Panda polepole kwenye transista ya kwanza hadi mkondo uongezeke miliampia 80. Kwa kawaida geti litakuwa kati ya volti 3 na 4. Hamia ya pili, ongeza 80 nyingine. Basi.

Kosa la kawaida ni kudhani baiasi kubwa inaleta wati zaidi. Inaleta joto. Kosa la pili ni kupanga na kuondoka. Subiri dakika tano, angalia tena: mosifeti ikipata moto inafunguka kwa volti ndogo zaidi, mkondo unapanda, joto linapanda, na mchezo unaendelea hadi mmoja afe. Kama mkondo unatambaa juu bila kusimama, tafuta mchoro wa baiasi wenye thamista au diodi iliyobanwa kwenye kipoza joto, inayoshusha baiasi joto likipanda.

HATUA YA 5: Angalia wati zinazoingia

Weka mita ya SWR kati ya redio na amplifaya. Watu wanashangaa nikiwaambia hivi, kwa sababu wamezoea kuiweka upande wa antena. Lakini kama mlango wa amplifaya unaonyesha SWR ya 3, redio nyingi zinajipunguza zenyewe ili zisiungue, na wewe unadhani unaingiza wati 5 kumbe ni 2. Rekebisha transfoma ya kuingilia au rezista za geti hadi SWR iwe chini ya 2 kwenye bendi unazotumia.

Kisha panda kwa ngazi na uandike. Daftari langu la bendi ya mita 40 linasema hivi: wati 1 ikaingia, 9 zikatoka. 2 zikatoa 18. 3 zikatoa 26. 4 zikatoa 32. 5 zikatoa 34.

Umeona pale mwishoni? Wati ya tano imeleta mbili tu. Hapo amplifaya imeshashiba, na ukiisukuma zaidi unachopata ni sauti iliyosagika na uchafu unaomwagika kwa majirani wa bendi. Mimi narusha sauti (SSB) kwa wati 4 za kuingia na siongezi. Geti la mosifeti hizi nalo lina kikomo, volti 20 upande wowote, na likitoboka halizibiki.

HATUA YA 6: Transfoma ya kutokea

Kama volti zako ni nzuri, transista ni zenyewe, baiasi iko sawa, na bado una wati 15 au 20, angalia mizunguko.

Transfoma inaamua transista zinaona mzigo gani. Praimari, upande wa transista, ni mzunguko mmoja wenye ncha ya katikati, na sekondari, upande wa antena, ni mizunguko unayoipitisha wewe. Kwa IRF510 mbili kwenye volti 13.8, ukihesabu na upinzani wa ndani wa transista, unapata takriban hivi:

- Sekondari mizunguko 2: wati 22, transista vuguvugu.
- Sekondari mizunguko 3: wati 35, joto la kawaida.
- Sekondari mizunguko 4: wati 43, lakini ndani ya transista kunabaki wati karibu 50 za joto.

Ukitoka 2 kwenda 3 umepata faida kubwa. Ukitoka 3 kwenda 4 umepata wati 8 na jiko la mkaa. Mimi nasimama 3. Mchoro unaoahidi 50 kwa IRF510 mbili kwenye volti 13.8 aliuchora mtu mwenye matumaini.

Kiini cha transfoma ndicho kinachowaangusha wengi. Kinatakiwa feraiti, aina ya 43 ndiyo ya kawaida kwa HF. Zile pete nyekundu na za njano ni za unga wa chuma, kazi yake ni koili za vichujio. Na ile pete ya njano yenye upande mmoja mweupe, unayoing'oa kwenye pawa saplai ya kompyuta, iache kabisa: nimemwona kijana wa Makorora ameifunga vizuri, waya umenyooka kama wa kiwandani, inapata moto wa kushindwa kushika na wati 6 zinatoka. Afadhali yale mabomba ya feraiti yaliyovimba kwenye kebo za skrini za zamani. Si yote yanafaa, ila mengi yanafanya kazi. Pima joto lake kwa kidole baada ya sekunde ishirini za kurusha, ukiwa umeshaachia funguo na kuzima.

Fupisha kila kitu hapa. Kutoka dreni hadi transfoma usizidi sentimita mbili. Sosi iende moja kwa moja kwenye bamba la shaba. Njia ndefu ni koili, hata kama hukuikusudia.

HATUA YA 7: Joto

Bati la mgongo wa IRF510 limeunganishwa na dreni. Ukilikaza moja kwa moja kwenye kipoza joto umeleta shoti. Weka maika, kibushi cha plastiki kwenye skrubu, na grisi nyembamba pande zote mbili. Nyembamba! Grisi siyo siagi ya kupaka kwenye boflo. Kisha pima kwa mita kwamba bati na kipoza joto havigusani kiumeme.

Feni ya kompyuta ya volti 12 inatosha. Mwezi wa pili hapa kwetu chumba kinaamka na nyuzi 30, kwa hiyo usiige picha za watu wa Ulaya wenye kipoza joto kama kiberiti.

HATUA YA 8: Kupanda hadi volti 24, kama bado una hamu

Hii ndiyo njia halali ya kupata wati nyingi zaidi, na ndiyo inayoua transista nyingi zaidi, kwa sababu watu wanaongeza betri na kuacha transfoma ilivyo.

Ukiwa na mizunguko 3 na ukaweka volti 24, karatasini unapata zaidi ya wati 100. Joto linalobaki ndani ni zaidi ya wati 80, na kila IRF510 uwezo wake wa juu ni wati 43 ikiwa imepozwa hadi nyuzi 25, jambo ambalo halipo duniani. Ndiyo ile dakika moja ya furaha.

Fanya hivi:

1. Punguza sekondari iwe mizunguko 2. Sasa volti 24 zinakupa kama wati 67, na joto linabaki karibu wati 33, la kustahimilika ukiwa na feni.
2. Badilisha kapasita zote za umeme zilizoandikwa volti 16 au 25. Weka za 50.
3. Angalia rilei na feni. Za volti 12 hazipendi 24.
4. Panga baiasi upya.
5. Hakikisha redio yako bado inakula 13.8 kutoka njia yake. Tenganisha plagi, tofautisha rangi, fanya unavyojua, ila zisiingiliane.
6. Mzigo bandia wa rezista 20 sasa ni mdogo. Ongeza hadi rezista 40, ukitumia za kiloomu 2, ili zibaki omu 50. Kipimo chako nacho kiongezewe diodi moja, ziwe tatu mfululizo, na kapasita yake iwe ya volti 200 kweli. Kwenye hesabu ongeza 1.8 badala ya 1.2.
7. Anza na wati 1 ya kuingia, upande kwa ngazi kama hatua ya 5.

Aliye na RD16HHF1 asijaribu hatua hii. Kikomo chake ni volti 50 kwenye dreni, na ukiilisha 24 unaifikisha mlangoni hapo.

HATUA YA 9: Kichujio, kisha upime tena

Kichujio kinakaa kati ya amplifaya na antena kuzuia masafa yasiyo yako. Wati ulizopima kabla yake zina takataka ndani. Ukirusha kwenye megahezi 7.1 bila kichujio, kuna sauti yako nyingine kwenye 21.3, katikati ya bendi ya mita 15, na mita ya wati inahesabu zote mbili kama mali yako. Kwa hiyo namba ya kujivunia ni ile ya baada ya kichujio cha bendi husika.

Ikishuka kidogo, ni kawaida. Ikishuka kwa theluthi, gusa kapasita za kichujio ukishaacha kurusha. Zile za kauri za bei rahisi zinapata moto. Tafuta zenye alama ya C0G au NP0, au maika ya fedha, za volti 200 na kuendelea.

HATUA YA 10: Angalia kilichoko nje ya nyumba

Kutoka wati 5 hadi 35 ni karibu desibeli 8.5, zaidi ya S moja, yaani ngazi moja kwenye mita ya redio ya mwenzako inayoonyesha unavyosikika. Utasikika tofauti. Kutoka 35 hadi 67 ni chini ya desibeli 3, yaani nusu ya S. Kabla hujanunua betri ya pili kwa ajili ya nusu S, angalia kebo. Mita 30 za kebo ya RG-58 kwenye bendi ya mita 10 zinakula karibu desibeli 2.5: wati 35 zinaingia, 20 zinafika juu. Kama maji ya chumvi yameshaingia kwenye kiungio, ni mbaya zaidi. Kata sentimita kumi za mwisho uone rangi ya shaba. Ikiwa nyeusi, endelea kukata.

Na kama dipoli yako (antena ya waya) umeifunga kwenye minazi kama yangu, angalia kuti lisiguse waya. Kuti likilowa SWR inahama, na utahangaika na amplifaya asubuhi nzima kumbe ni mnazi.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Bendi ya mita 40 iko vizuri, ya mita 10 inatoa nusu. Ndivyo mosifeti za kubadilishia umeme zilivyo, kapasita ya geti inameza nguvu inayoingia kadiri masafa yanavyopanda. Fupisha njia za geti, angalia SWR ya mlangoni kwenye bendi hiyo, halafu kubali.

Wati zinaanza 35, baada ya dakika ni 25. Joto. Upinzani wa ndani wa mosifeti unapanda ikipata moto. Angalia maika, grisi na feni. Kama kipoza joto ni baridi huku transista inaunguza, skrubu haijakaza.

Mkondo unapanda hata usipoongea, na mita inaonyesha wati. Amplifaya inajiimbia yenyewe. Zima mara moja. Weka rezista ya omu 10 hadi 22 mfululizo na kila geti, tenga waya za kuingia na za kutoka ziwe pande mbili tofauti za sanduku, na angalia kama sosi imelehemiwa kweli kwenye shaba.

Fyuzi inakatika ukiwasha tu. Pima dreni na kipoza joto kwanza, maika inatoboka kirahisi. Kisha pima geti na sosi. Ikisoma omu chache, transista imekwisha.

Transista moja tu ndiyo ina moto. Baiasi haiko sawa, au mojawapo imekufa na nyingine inabeba mzigo wa wawili.

Wenzako wanasema sauti imesagika. Punguza wati za kuingia kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ikibaki hivyo, pima volti ukiwa unaongea: zikiruka kati ya 13 na 11, rudi hatua ya 2.

Sauti yako inatoka kwenye sabufa ya jirani. Hii ilinipata. Jioni, taarabu inapigwa nyumba ya pili, mara katikati ya wimbo ikasikika "5H, 5H" kwa sauti ya kukoroma. Mama mwenye nyumba alikuja mlangoni kuniuliza kwa upole nina ugomvi gani naye. Waya za spika zilikuwa mita sita, zimelala sambamba kabisa na dipoli yangu. Nilizizungusha mara saba kwenye pete ya feraiti upande wa sabufa, nikafupisha zilizobaki, na kichujio changu nikakihakikisha upya. Pete ilitoka mfukoni mwangu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: jirani hakuomba wewe ujenge amplifaya.